Mpini Wenye Jicho

Kwaa! Mlio wa mpini ukivunjwa gotini ulinirudia juzi, nilipoona mipini ya shoka imeegeshwa Kariakoo, inanukia mninga uliorandwa.

Alasiri moja utotoni mwangu, mteja alivamia banda la baba la kuuzia mipini akifoka. Asubuhi nilimchagulia mpini wenye kifundo, maana nilikiona kizuri kama jicho. Sikujua mti hukatikia hapohapo.

"Tapeli we! Mpini umekatika, shoka likaruka, nusura limpasue mwanangu!"

"Nani kakupa huu?" baba aliuliza.

Mteja alininyooshea kidole. Baba alichukua mwingine wenye kifundo, akauvunja gotini, akanitupia miguuni.

"Haya, lione jicho lako!"

Baba na mteja walipoondoka, niliipapasa mipini yote mmoja mmoja, nikaipeleka yenye vifundo jikoni. Mzuri kuliko yote niliutia motoni kwanza.