Buti za Mjomba

Juzi nilipita Darajani penye duka lililotundika buti za mpira mlangoni, na harufu yake ikanirudisha Chwaka, kwa mjomba wangu aliyekuwa akisaka nguruwe waliomaliza mihogo ya watu.

Alasiri moja ya masika, nikiwa bado mtoto, nilimng'ang'ania mpaka akanichukua. Kwanza alizijaza buti zake usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, uliokaushwa jikoni, miguu isipate baridi, kisha tukawafuata mbwa msituni. Mvua ikatushukia. Viatu vyangu vya mjini vikajaa maji, nikaanza kulia. Mjomba akavua buti akanivisha mimi, na ule usumba ulikuwa bado na joto la miguu yake. Yeye akatembea pekupeku juu ya mawe makali.

"Mjomba, huumii?"

"Miguu ya shamba hii, mwanangu. Haihisi kitu."

Naona haya kusema kwamba nilicheka, nikakimbia mbele na mbwa.

Tuliporudi, baadaye nilimkuta mjomba jikoni, mkewe akimchomoa miba nyayoni, na mjomba ameuma ncha ya kanga ya mkewe. Nilidhani anamfanyia mkewe mzaha. Nikamuuliza kama kesho atanichukua tena.