Tukimbie Tukiimba

Mvua ilinikuta hatua mia moja hivi kutoka lango la shule, nimekumbatia madaftari ya darasa la tano. Nikakimbia. Nilipofika chini ya bati la ofisi, sikuweza hata kuitikia salamu. Moyo ulinidunda mpaka masikioni, macho yakaingia giza, na wanafunzi wangu wakaniletea kiti upesi kama wanavyomletea bibi mzee kanisani. Nilikuwa na miaka arobaini na moja.

Munganga wa kituo cha afya, kijana mwembamba mwenye sauti ya upole, alinifunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akatikisa kichwa.

"Mama, tansio, ile presha ya damu, imepanda. Dawa nitakupatia, lakini hii mwili inaomba itembee. Siye tunakimbiaka asubuhi, batu kumi hivi. Mara tatu kwa juma. Kuya, ukimbie na siye."

"Mi? Kukimbia? Barabarani?"

"Barabarani, mama. Polepole."

Nyumbani mume wangu, muuza vitambaa aliyenileta Bunia kutoka Butembo, aliangalia zile basketi, viatu vya mazoezi vya mtumba nilivyonunua, akacheka mpaka machozi. "Mama wa batoto bane na basketi! Kanisani batasema nini?" Niliona haya. Siku ya kwanza niliamka, nikavaa, nikafika mlangoni, nikarudi kulala na viatu miguuni.

Siku ya pili jirani yangu alinikamata uani. Alikuwa amekodi chumba kimoja katika parseli yetu, kiwanja kimoja na sisi, yeye na binti yake. Vita viliwatoa Djugu, wakaacha shamba la maharagwe likiwa limechanua. Sasa aliuza sombe, majani ya muhogo, sokoni, na kila alfajiri alikuwa wa kwanza kuamka.

"Mama mwalimu, unaenda wapi na viatu ya batoto?"

Nikamweleza yote: mvua, kiti, tansio. Hakucheka. Akakaza kitenge kiunoni.

"Twende basi. Nitakusindikiza."

Alikimbia na kamambili, zile ndala za plastiki zinazopiga kisigino pa, pa, pa. Kabla hatujafika kanisani, mwisho wa mtaa, nilikuwa nimeinama nimeshika magoti. Yeye hata jasho hakuwa nalo. Alirudi, akanizunguka mara mbili kama kuku anayekagua kifaranga, akasema, "Kesho tutapita hapa."

Na kweli, kesho yake tulipita. Baada ya majuma mawili tulifika kwenye kituo cha mafuta, na mwezi ulipoisha tukafika mtoni, Nyamukau, sasa pamoja na kundi la munganga. Kila nilipopita mahali papya nilitamani kupiga kelele, na mara nyingine nilipiga. Munganga alinifundisha jambo moja tu: ukishindwa kuongea, unakimbia haraka mno, punguza. Kwa hiyo nilijipima kwa hesabu za darasani. Nilikimbia nikitaja jedwali la saba kwa sauti, kwa Kifaransa, na waendesha pikipiki walionipita walinisahihisha. Nilipofika saba mara nane bila kukatika pumzi, nilijua leo naweza kuongeza.

Kulikuwa na asubuhi za uvivu, nisifiche. Kulikuwa na matope mekundu yanayong'ang'ania kiatu kama mtoto asiyetaka kuachwa. Lakini jirani alikuwa akigonga dirisha na kuuliza, "Miguu iko wapi?" na nitamjibu nini? Iko hapa. Nikimjibu kwa mdomo, basi lazima niitoe nje. Mwezi wa tatu munganga alinipima tena, akapima mara ya pili kwa kutoamini, akaniambia imeshuka. Niliruka pale pale kwenye kile chumba kidogo.

Halafu ikaja asubuhi ya soko.

Tulikuwa kumi na wawili siku hiyo. Munganga alisema tujaribu mwendo wa kasi kwenye mteremko unaoshukia sokoni, kila mtu kwa nguvu zake zote, bila kuongea. Tukashuka. Nilikuwa na furaha tupu. Upepo usoni, miguu inakwenda yenyewe, mimi na umri wangu napita wanaume! Sikuona chochote mpaka tulipofika chini.

Mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya alitutazama, akaangalia nyuma yetu, akaokota mtoto wake na kukimbia. Wa pili akaacha beseni. Mlango wa duka ukafungwa, halafu wa pili, halafu yote. Pikipiki ziligeuza njia mara moja. Mtu akapiga yowe, na katika muda wa kusema Baba Yetu soko zima lilikuwa likikimbia mbele yetu, kwa sababu mji wetu umejifunza kwamba watu wazima wakija mbio bila neno, huulizi, unakimbia nao.

Sisi tuliganda. Ni jirani yangu peke yake aliyejua la kufanya. Alipanda juu ya mfuko wa makaa, akainua mikono miwili, akapaza sauti ambayo sikujua anayo:

"Hapana kukimbia! Hakuna kintu! Ni mazoezi! Ni siye tu, bajirani yenu!"

Alirudia mpaka watu wakaanza kusimama. Yakaja matusi, na tulistahili yote. Mama wa nyanya alirudi na mtoto wake analia, akamwendea munganga, akampiga kifuani kwa kabichi.

"Munaponyesha batu, halafu munaua bengine na woga ya moyo!"

Tuliomba msamaha mmoja mmoja. Tuliokota nyanya, tukapanga mabeseni. Tulipomaliza, nikaona jirani ameketi kando ya mtaro, akikung'uta vumbi la makaa kwenye kitenge. Nikakaa karibu naye.

"Nilikimbiaka hivi na mutoto mugongoni," alisema. "Siku mbili. Sikuangalia nyuma hata mara moya."

Nilimshika mkono, na moyoni nikasema, basi, mbio zetu zimeishia hapa.

Siku tatu baadaye dirisha langu liligongwa.

"Dada," nikamwambia, "unataka kweli?"

"Nataka. Lakini tutaimba. Mutu mwenye anaimba, hakuna anayemuogopa."

Basi tukaimba. Nyimbo za kwaya, nyimbo za kupalilia za kwao Djugu, nyimbo za arusi za kwetu Butembo. Munganga, mwenye sauti mbovu kuliko sote, akiitikia nyuma. Na ikawa ajabu: ukiimba huwezi kukimbia haraka mno, na huchoki upesi. Watu walitoka milangoni na miswaki midomoni. Wengine walicheka, wengine waliitikia kiitikio. Mama mmoja na mwanaye waliingia katikati yetu wakiwa na ndoo za maji, wakakimbia nasi mpaka bombani. Juma hilo tulikuwa kumi na watano. Baadaye nikaacha kuhesabu.

Makanisa ya mji yalipotangaza mbio za kilomita kumi, kuanzia uwanja wa Mbunya, kuzunguka mjini na kurudi, jirani alijiandikisha kabla yangu. Munganga alimtafutia basketi, kubwa kidogo, akazijaza karatasi kwenye vidole. Siku yenyewe uwanja ulijaa. Wanajeshi, wanafunzi wa chuo, vijana wa michezo wenye kaptura zinazong'aa, na sisi na vitenge vyetu. Tulibandikwa namba vifuani. Nilikwenda chooni mara tatu. Jirani alikuwa ananyoosha miguu kimya.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Hapana. Niko na njaa ya kuanza."

Filimbi ikalia, na nikamwona anapotea mbele. Sikumwona tena ila kwa habari. Kilomita ya tatu nilikuta mtu amesimama na basketi mbili mkononi, akaniambia mwenye nazo amezivua, amesema zinamchelewesha. Kilomita ya tano dereva wa pikipiki alipiga honi: "Mama mwalimu, mwenzako iko mbele ya banaume!" Nilicheka nikakosa pumzi. Kilomita ya nane paja lilikaza, nikatembea hatua ishirini, nikataja jedwali la saba, nikaanza tena. Wanafunzi wangu walinisubiri kwenye kona ya mwisho, wakakimbia kando yangu wakipiga kelele hadi sauti zikawakauka. Niliingia uwanjani nikilia wazi wazi na sikujali. Nilikuwa karibu na wa mwisho. Nyuma yangu walikuwa watu sita na gari la wagonjwa.

Jirani alikuwa wa pili kwa wanawake wote. Wa pili! Aliyemshinda alikuwa msichana wa chuo, nusu ya umri wake. Jirani alikuja akitembea kwa miguu mitupu, yenye vumbi mpaka magotini, tukakumbatiana mpaka tukaanguka kwenye nyasi.

Hapo hapo aliomba simu yangu. Mama yake mzazi alikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi wa vita, mbali, na mtandao ulikatika mara mbili kabla ya kushika. Aliweka sauti kubwa ili nami nisikie.

"Mama! Nimekimbia kilomita kumi! Nimekuwa wa pili!"

Upande wa pili ikajibu sauti ya kizee, yenye hofu: "Nani alikuwa anakufukuza, mwanangu?"

"Hakuna mutu, mama. Nilikimbia tu. Kwa furaha."

Tulisikia mzee anapumua. Akauliza, "Umekula?" Jirani akasema bado. Mama yake akamgombeza kwa lugha yao, muda mrefu, kwa maneno nisiyoyaelewa hata moja, na yeye akawa anacheka huku akijifuta uso kwa namba yake ya karatasi.