Picha Uliyoniambia Ni Mbovu

Jamani, mpaka saa hii ulimi unakataa kusema "marehemu Swafiya". Jana baada ya Alasiri wamemzika kwao Mbwajumali. Mimi nilikaa ndani na kina mama, nikingoja Swafiya aingie aniambie nalia kwa fujo.

Kwa msiomjua: Swafiya ndiye aliyekuwa mwanamke pekee wa ultrasound hospitalini kwetu hapa Amu, kisiwani Lamu. Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi. Tumefanya kazi pamoja miaka sita.

Watu walidhani kazi yake ni picha za mimba tu. Kumbe alikuwa anawatafuta wanawake waliochanika wakati wa kuzaa wakanyamaza. Wale wasioweza kuzuia upepo wala choo, na hata mume hajui.

Muulize mwanamke wa hapa, "Choo kinakutoka?" Atainuka aende zake. Swafiya aliuliza hivi: "Bi, udhu wako unakaa?"

Wallahi, machozi hapo hapo. Wengine, kwa kuwa udhu hauwakai, walikuwa wameacha kuswali miaka mingi, wakidhani ni jini.

Basi anavalisha glavu probe, kile kifaa cha kupigia picha, anapaka gel, anageuza skrini mgonjwa naye aone. "Huu msuli wa kuzuia choo ni kama bangili. Wako umekatika hapa. Unashonwa, nakupa referral, barua ya kwenda hospitali kubwa."

Mimi alinifundisha kila Jumatano, na mikono yangu hii mizito! "Wee! Hiyo si mwiko wa pilau, taratibu!"

Mwaka jana akaanza kukosa swala ya Adhuhuri na sisi. "Nimo kwenye siku zangu." Wiki ya pili, hivyo hivyo. Nikamtania, "We mwanamke, siku zako hazina kalenda?"

Akacheka. Sikukipenda kile kicheko, lakini nikakiacha kipite.

Buibui likaanza kumpwaya. Nikiuliza, "Nafunga sunna." Mara akawa anaandika ripoti amesimama, kiti hakitaki.

Jumatano moja akatia komeo mlangoni, akapanda kitandani yeye. "Leo nipige picha mimi, ujifunze."

Nikampiga. Bangili niliiona, lakini upande mmoja kulikuwa na kitu cheusi, kinene, kimeula msuli wenyewe.

"Swafiya, hiki nini?"

Akaitazama skrini muda mrefu. "Picha mbovu. Mkono wako umetetemeka."

Haukutetemeka. Nilijua haukutetemeka! Lakini yeye ndiye mwalimu, mimi nani nimbishie? Nikafuta gel, tukaenda kunywa chai.

Miezi mitano baadaye alizidiwa, akapelekwa Mombasa. Saratani ya njia ya haja kubwa, wakasema, na imeshasambaa. Hakurudi tena kazini.

Najua wapo watakaosema mambo haya hayaandikwi. Nimemwomba mama yake ruhusa, akanishika mkono. "Nena, mwanangu, wenzio wayue. Alinificha hata mimi niliyemzaa."

Basi nanena. Dada yangu unayetokwa na damu chooni, usijiambie ni bawasiri, usijiambie ni siku zako. Njoo upimwe. Ukiona aibu, njoo uniulizie mimi.

Leo asubuhi nimewasha mashine. Ile picha niliyompiga ipo, aliihifadhi. Kabla yake zipo nyingine nne, alizojipiga mwenyewe akiwa peke yake. Nimezifungua moja moja. Katika kila moja, kile kitu kimekua kidogo.

Yarabi! Swafiya, kumbe ulishajua. Siku ile hukuwa unanifundisha. Ulitaka awepo mtu mmoja wa kuiona na kukwambia, "Inuka, twende Mombasa leo." Ukanichagua mimi.

Nami nikaona, nikakuheshimu.

Nisamehe, shoga yangu. Allah akupanulie kaburi lako. Lala sasa, hakuna kinachouma tena.