Mgomba Tuliouzika Badala ya Kaka

Habari kwamba kaka amefukiwa na machimbo ya dhahabu huko kwetu magharibi ilitufikia Mowlem, mtaa wa Nairobi tulikoishi, kwa simu ya dukani. Mwenye duka alinituma nimwambie mama. Nilimkuta anafua nyuma ya nyumba, nikamwambia, akaendelea kufua. Nikadhani hajaelewa, nikarudia. Akasema amesikia, nimpe sabuni.

Kaka alikuwa kibarua katika kiwanda cha mabati. Kiwanda kilipopunguza watu, alirudi nyumbani na mke wake, akaingia kwenye mashimo yaliyoachwa na wazungu zamani, kama walivyofanya vijana wengi wa kule. Shimo lililomla lilikuwa katika shamba la ukoo wetu. Babu alilima mahindi pembeni mwake maisha yake yote, kwa hiyo sisi tulijua ni letu. Mtu akituuliza tulijuaje, tungemcheka.

Kumbe leseni ya kuchimba pale alikuwa nayo bwana mmoja wa hapahapa Nairobi, ambaye kijijini hakuna aliyewahi kumtia machoni. Hakuwa akichimba. Alikuwa ameikalia tu, anangoja wakati wake. Siku ya pili baada ya ajali, askari walizungushia shimo seng'enge wakasema hakuna ruhusa ya kugusa udongo.

Mama hakutaka fidia. Alitaka mwanawe atolewe, azikwe kando ya baba. Basi. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu walimwita mpenda pesa.

Tulikwenda naye mjini, katika ofisi inayoshughulikia mambo hayo, pamoja na baba mdogo, ambaye alikuwa mwenyekiti wa chama cha watu wa kwetu pale Mowlem. Ofisa alitupa viti. Alikuwa mpole kupita kiasi, na upole wake ulinichosha.

"Pole sana, mama," alisema. "Shamba ni yenu, lakini ni ile ya juu. Kitu iko chini ni ya serikali, na serikali ilipatia mwenye leseni."

"Na mtoto wangu ni wa nani?" mama akauliza. "Yeye yuko chini."

Ofisa alimtazama baba mdogo, kama mtu anayeomba asaidiwe. Halafu akasema anayeweza kufungua shimo ni mwenye leseni peke yake. Mwenye leseni naye alituma mtu kutuambia mashine itakuja mvua ikiisha.

Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Jumapili ile chama kilikutana sebuleni kwetu, watu wamebanana hadi mlangoni, na baba mdogo akasema tusingoje. Kwetu, mtu akizama ziwani au akipotelea mbali, tunazika shina la mgomba mahali pake, ili yeye atulie na mjane wake awe huru. Wazee wote walikubali. Mama alisema mwanawe hajapotea, anajulikana aliko. Walimwambia amfikirie mkamwana wake. Akanyamaza, na kwetu mwanamke akinyamaza huhesabiwa kuwa amekubali.

Tulisafiri, tukauzika. Mgomba ulifungwa shuka jeupe, ukalazwa kaburini kando ya baba, pasta akasoma. Mwenye leseni alileta ng'ombe dume na mchele, na hata lori la kubebea viti. Baba mdogo alimshukuru mbele ya kadamnasi, na watu wakapiga makofi msibani. Nilikuwa nimesimama karibu na mama. Nilingoja nilie, sikulia. Niliona tu kwamba maji ya mgomba yamelowesha shuka.

Mvua ilipoisha tulirudi kwa yule ofisa. Alitukumbuka.

"Lakini mama, si mlizika? Mwenye leseni mwenyewe alikuja. Kaburi iko, chifu anajua, hiyo maneno iliisha. Sasa mnataka kuzika mtu mmoja mara mbili?"

Baba mdogo aliinuka kitini. Hata kwa mila zetu yule ofisa alikuwa sahihi. Aliyezikwa amezikwa. Mila tuliyoifanya ili kaka apumzike, wao waliifanya stakabadhi. Nilimkasirikia baba mdogo kwa miezi kadhaa, halafu hata hasira nayo ikaniishia. Nikawa naenda shule na kurudi.

Shimo lilifunguliwa baadaye, dhahabu ilipopanda bei. Kijana wa kijijini kwetu aliyeajiriwa pale alikuja Nairobi kutafuta vipuri, akapita kutusalimu. Mama alimkaribisha kiti, akamwekea chai, akamuuliza habari za nyumbani, za mahindi, za watoto. Kisha akamuuliza wamefika wapi kwa kina.

"Tumeenda mbali, mama. Pale alikuwa tulipapita kitambo."

"Mlikuta nini?"

Kijana alikitazama kikombe chake.

"Huwa hatuangalii, mama. Mashine inachota, inapeleka kwa kinu, inasaga yote pamoja."

Mama alichukua birika akamwongezea chai. Ilijaa, ikafurika kwenye sahani, ikaanza kutiririka mezani, naye bado anamimina.