Nyumba Yetu ya Ibra

Baba yangu kazaliwa Unguja mjini, na tangu nina akili zangu hadithi yake ni moja: nyumba ya babu yake, Ibra, huko kwetu Uarabuni. Kila akiisimulia iliongezeka chumba. Nilipohamishiwa Ibra kusomesha historia, akaniagiza, "Mwanangu, nitafutie nyumba ile. Nataka niiguse kabla sijafa." Ana miaka themanini na kitu na moyo wake unamsumbua, kwa hivyo safari hiyo sikumtania.

Mtaa wa zamani umejaa magofu ya udongo, na hakuna aliyejua letu ni lipi. Nikawatuma wanafunzi wawaulize wazee wao nani aliishi wapi. Waliniletea habari za Waarabu wa majumba makubwa, za Mabulushi, na zetu sisi tuliorudi kutoka Zanzibar. Msichana mmoja akaniambia bibi yake anaijua nyumba ya yule aliyekwenda Unguja akawaacha nduguze.

Bibi huyo alinipokea kwa tende na kahawa. Nilimuuliza ameijuaje nyumba yetu. Akanijibu kwa Kiarabu, taratibu kabisa, kwamba mama yake alikuwa mtumwa wa nyumba ile, na yeye mwenyewe kazaliwa humo. Mimi mwalimu wa historia nikainamisha macho. Yeye ndiye aliyenionea huruma, akanijazia kikombe, akasema atatupeleka.

Nilimpigia Baba simu nikamweleza yote. Akasema, "Mambo ya zamani hayo." Nilikasirika, lakini ni baba yangu, nikameza.

Siku ya kwenda, Baba alikuja Ibra, akakaa mbele garini na kanzu mpya na kilemba, bibi akakaa nyuma. Tulipoyaona magofu, Baba furaha ikamzidi. "Mwacha asili ni mtumwa," akasema kwa Kiswahili. Ndiyo methali yake, ametulea nayo. Bibi akauliza mzee anasemaje. Nikamfasiria kwamba mtu asisahau kwao, basi, nikaishia hapo. Uso uliniwaka kwa haya. Baba akageukia dirishani mpaka tukafika.

Mlango mkubwa ulikuwa bado umesimama, mbao zake zimepasuka. Baba aliweka kiganja juu yake akalia. Nikamwambia bibi, "Tafadhali, tangulia wewe."

Akatikisa kichwa. "Huo mlango wenu. Sisi tukipitia nyuma, jikoni."

Hakusema kwa hasira. Alishika bakora yake akaufuata ukuta, akakata kona bila kutafuta njia.

Baba alibakiwa na hatua moja tu awe ndani. Alitazama kule alikopotelea bibi, akauondoa mkono mlangoni. "Nishike," akaniambia, na tukazunguka nyuma.

Mlango wa jikoni ulikuwa mfupi, ikambidi ainame, na kilemba kikachafuka vumbi. Ndani kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi. Kwa Kiarabu chake cha kubabaisha alimuuliza bibi, "Mama yako akilala wapi?" Bibi akaonyesha kwa bakora pembeni mwa mafiga, chini kwenye udongo. Baba akaketi pale pale na kanzu yake mpya. Akamwomba amtajie jina la mama yake. Akalirudia mara tatu, nne, mpaka akaliweza, kisha akainua mikono kumwombea.