Muda Wangu Uliandikwa kwa Jina la Kaka

Admin, nimesoma visa vya wenzangu hapa kwa muda mrefu bila hata kukomenti. Leo naomba uniwekee na changu, ila jina langu libaki kwako. Na majina nitakayoyataja si yenyewe.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mjane, mzaliwa wa upande wa Haneti. Naishi Dodoma mjini kwa kaka yangu, nimwite Yona. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walinitoa kwenye nyumba na watoto watatu. Yona ndiye aliyekuja na gari, akapakia vitu vyangu, akanipa vyumba viwili vya uani. Wanangu wamesomea mikononi mwake. Naanza na hili ili msimtukane kabla sijamaliza.

Yona amenizidi mwaka mmoja, lakini sekondari tulikuwa darasa moja. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, mashirika ya umma yanaanza kuuzwa. Mwalimu wa michezo alikuwa na saa moja tu ya kupimia muda, kwa hiyo alitukimbiza pamoja, wasichana kwa wavulana, mita elfu moja na mia tano. Pale shuleni niliwapita wavulana wote isipokuwa mmoja wa kidato cha nne. Yona nilikuwa namwacha mbali. Wilayani wavulana wakaanza kunipita. Mkoani ndiyo kabisa, niliona hata nikimbie vipi wale siwafikii. Ila kwa wasichana, wilayani na mkoani, hakuna aliyenitangulia.

Tukiwa kidato cha tatu, shirika moja likatafuta vijana wa timu yake ya riadha. Ukichukuliwa unapata na ajira. Mwalimu akaniita, akaniambia, "Mwaka huu hawachukui wasichana." Nikasema sawa, mwalimu. Yule wa kidato cha nne akachukuliwa, na Yona akachukuliwa. Nilishangaa kidogo, basi. Baba alichinja mbuzi, mimi nikasonga ugali wa wageni. Baadaye nikaolewa. Yona alikaa kwenye timu miaka miwili, shirika likauzwa, timu ikafa, akaingia kwenye biashara ya alizeti ambayo imemfikisha alipo.

Mwaka huu mama yetu alifariki. Yule mwalimu, sasa ni mzee anaishi Kibakwe, alikuja msibani. Siku ya tatu nilikuwa naosha sufuria karibu na tangi la maji, akaja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akabaki amesimama.

"Binti yangu, wasichana walikuwa wanachukuliwa," akasema. "Baba yako alikuja kwangu. Alisema wewe utaolewa, Yona ndiye wa kubaki na nyumba. Muda wa Yona ulikuwa hautoshi, nikaandika wako kwa jina lake."

Nikamwambia, "Si alikimbia mashindano ya taifa na timu ile ya shirika?"

"Alikimbia akawa wa mwisho. Hata angekimbia muda wako kamili bado angekuwa wa mwisho, maana wanaume wa pale walikuwa wa kiwango kingine. Nilikaa uwanjani nikaangalia na mbio za wasichana. Aliyeshinda hakuufikia muda wako."

Alisema anaomba nimsamehe. Nikamwambia nimesamehe, nikamaliza sufuria. Sikulia. Si kwamba nilijikaza, hamna kitu kilichokuja.

Baada ya arobaini nikamuuliza Yona kama alikuwa anajua. Akasema, "Baba alinikataza kusema. Nilikuwa na miaka kumi na nane." Kisha akaniuliza, "Lakini nimekutunza, sijakutunza?"

Nikamjibu, "Umenitunza." Na ni kweli.

Ningeyaacha hapo. Lakini Yona ana binti, nimwite Rehema, yuko kidato cha pili. Anakimbia. Amechaguliwa kwenda shule ya mkoa mwingine yenye timu ya wasichana, atasoma na kufundishwa mbio. Inatakiwa sahihi ya mzazi tu. Yona amekataa. Juzi tukiwa mezani alisema mbele ya watoto wote, "Mbio za wasichana ni kupoteza muda. Mpeleke huyu kwa wavulana wa mkoa uone watakavyomwacha. Shangazi yake naye alikimbia, akafika wapi?"

Wote wakaniangalia. Mimi nikaendelea kula. Yona naye hakuinua macho kwenye sahani yake, na hapo nikajua amejisikia alichokisema.

Asubuhi Rehema alinifuata uani. "Shangazi, kwani wewe ulishindwa?" Nikamwambia amalize chai aende shule.

Wifi yangu ananisihi niongee na mume wake, anasema Yona ananisikiliza mimi. Hajui kwamba kitu cha kumwambia ninacho kimoja tu, na nikikisema, watoto wake watajua baba yao ni mtu wa namna gani, na mimi naishi ndani ya geti lake. Nikinyamaza, atakaa nyumbani huyu mtoto, na mimi nitakuwa nimekaa mezani nikiona.

Ningekuwa na hasira ningeshaamua. Nasubiri hasira, nasubiri hata uchungu, haviji. Naamka, naenda kupika kantini Chimwaga, narudi, nalala vizuri tu. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Ninyi ambao bado mnaumia mkiumizwa, niambieni mngekuwa mimi mngesema au mngenyamaza. Fomu inarudi shuleni Ijumaa, na leo ni Jumatano.