Samahani za Silima

Silima Jaribu wa Tibirinzi hajawahi kumdhulumu mtu, hasengenyi, na sala ya jamaa haimpiti ila kwa maradhi. Naanza na hayo kwa sababu yanayofuata hayamsifu sana, na haki ya mtu ni kutajwa mema yake kwanza. Aibu yake ni moja, na kwa kuwa nimeshamwambia usoni, kuiandika si kumsengenya: kila kazi ya leo kwake ni ya kesho.

Nimefanya naye kazi miaka mitatu katika kambi ya Wachina wanaojenga barabara. Mimi nashika daftari la mahudhurio. Yeye alikuwa mtunza stoo. Kabla ya hapo alikuwa mchumaji karafuu, mpandaji hodari, hadi siku tawi lilipokatika akaanguka nalo na kuumia mgongo. Tangu hapo hawezi kunyanyua hata ndoo ya maji iliyojaa. Kwa hivyo stoo ilimfaa, kwani kazi yake ni kufungua, kuhesabu na kufunga. Akiikosa, kinachobaki kambini ni kumwaga kokoto na kubeba mifuko, na mgongo ule hauwezi.

Mwaka jana mkuu wa kambi, Bwana Lu, alitangaza kwamba taarifa ya stoo ya kila siku iandikwe kwa Kichina, kwenye kompyuta, na mtunza stoo mwenyewe. Likafunguliwa darasa la jioni, baada ya sala ya alasiri, mara tatu kwa wiki, na mkalimani wa kampuni ndiye aliyefundisha. Tulijiandikisha watu kumi na wanne. Mimi niliacha baada ya wiki sita, kwa sababu zisizohusiana na habari hii.

Siku ya kwanza Silima aliitazama kibodi iliyowekwa mbele yake, akaigeuza, akatazama chini ya meza, kisha akauliza kwa adabu ile nyengine iko wapi. Alikuwa amesikia kwamba Wachina wana herufi elfu kadhaa, na pale mbele yake palikuwa na vitufe visivyofika hata mia. Mkalimani alitueleza. Kila herufi ya Kichina ina sauti yake. Unaiandika sauti hiyo kwa abjadi zetu hizi za skuli, na chini inatokea safu ya herufi zenye sauti hiyo au zinazoanza nayo, kila moja na namba yake. Unabonya namba ya ile unayoitaka. Tena mashine ina kumbukumbu. Neno unalolichagua mara nyingi linasogea mbele ya safu, na mwisho ukigusa abjadi mbili tu inakuletea sentensi nzima uliyoizoea.

Silima alifurahi sana kusikia hivyo. Alisema mashine hiyo ina imani, inajua binaadamu anachoka.

Kwa kalamu alitupita sote. Alisoma khati za Kiarabu chuoni utotoni, na mkono wake haujasahau. Herufi zake za Kichina zilibandikwa ukutani tuzitazame. Kwenye kibodi alikuwa mtu mwengine. Alibonya kwa kidole kimoja na kukiondoa haraka, kama anayejaribu pasi kama imepata moto. Mstari mmoja ulimchukua nusu saa, na nusu saa ni muda ambao Silima hajapata kuupa kitu kisichokuwa chai.

Pale kambini alikuwepo Ruweida, binti wa jirani yake Bi Nusaiba, msichana wa miaka ishirini na minne aliyefanya kazi kwenye chumba cha kupimia udongo na saruji kwa mkataba mfupi. Yeye vidole vilimkimbia juu ya kibodi. Siku ya kwanza ya taarifa mpya, Silima alimwendea na karatasi yake iliyoandikwa kwa Kiswahili safi, akamwomba amwandikie ya leo tu, kesho ataandika mwenyewe. Ruweida alimwita ami tangu anajua kusema, na hakujua namna ya kumkatalia ami. Aliandika kwenye kompyuta yake, akamtumia, na Silima akaipeleka mbele kutoka kompyuta ya stoo, kwa jina lake.

Hiyo leo tu ilidumu miezi minane.

Lakini palikuwa na maandishi ambayo Silima aliyaandika kwa kidole chake mwenyewe, nayo ni ya kuomba radhi. Hata yeye aliona haya kumtuma mtoto wa watu amwombee samahani. Alipochelewa, alipoumwa na mgongo, mvua ilipomzuia au alipodai kwamba imemzuia, alikaa mbele ya kompyuta ya stoo na kumwandikia Bwana Lu. Kwa daftari langu, katika miezi hiyo minane alichelewa siku sitini na moja. Hayo ni mazoezi mengi, na mashine iliyahifadhi yote.

Kipande chetu cha barabara kilipokwisha, kambi ilitakiwa ihamie Kiuyu. Bwana Lu alisema hatampeleka mtunza stoo asiyeweza kuandika mwenyewe, na kwamba Jumamosi asubuhi Silima ataandika taarifa mbele ya macho yake. Akiiweza, jina lake litaingia kwenye orodha ya wanaohama. Jumamosi hiyo Silima alifika kabla yangu. Niliitazama saa mara mbili ndipo nikaandika. Baadaye nikajua kwa nini alikuwa mtulivu. Ruweida alikuwa ameshaandika ya Ijumaa, na yeye alikusudia kuifungua na kubadilisha tarehe, kwa kuwa Jumamosi hakiingii kitu stoo. Saa mbili asubuhi likaingia lori, na juu yake pana saruji, mbao, misumari kidogo na mapipa ya dizeli.

Tulikusanyika ndani ya kontena la stoo: Bwana Lu amesimama nyuma ya kiti cha Silima, mimi na daftari langu, na Ruweida, aliyeitwa kuleta hesabu ya mifuko ya saruji aliyochukua kupima. Mlangoni aliegemea Kificho, dereva wa greda, ambaye hakuitwa na mtu.

Silima alianza na saruji. Kwa Kichina neno hilo linaanza kwa sauti moja na maneno ya mtu asiyejisikia vizuri, naye alipogusa abjadi mbili za mwanzo, mashine ikamletea sentensi yake ya siku zote. Bwana Lu aliisoma kwa Kiswahili, polepole, bila ya kucheka: sijisikii vizuri. Silima akafuta, akajaribu dizeli. Bwana Lu akasoma: nimechelewa, naomba radhi. Akafuta, akaenda kwenye mbao. Bwana Lu akasoma: kesho.

"Hata mbao nazo kesho?" aliuliza Kificho. "Si nimezishusha mwenyewe sasa hivi?"

Silima alisema kompyuta imeingia virusi. Bwana Lu alijibu kwamba virusi hao wana adabu sana, wanaomba radhi vizuri kuliko wafanyakazi wake wote. Kisha akauliza lile alilokuwa akilitaka: mashine hii imempelekea saruji kila siku kwa miezi minane, inakuwaje leo haiijui saruji? Silima akasema labda ni joto la kontena.

"Basi tutumie nyengine," alisema Bwana Lu. "Ruweida, lete ya kwako."

Ruweida hakunyanyua mguu. Alijua kilichomo ndani ya kompyuta yake: ukigusa abjadi mbili tu, itamwaga saruji na nondo za miezi minane. Alijua pia sheria ya kambi, ambayo mimi mwenyewe niliibandika ukutani, kwamba anayeandika taarifa kwa jina la mtu mwengine, pamoja na huyo aliyeandikiwa, mikataba yao imekwisha. Alikuwa na haki ya kumtazama Silima kwa jicho baya. Hakumtazama. Alivuta mtandio wake, akageuka kwenda kuileta.

Nami lazima niseme. Nilikuwa nikiiona karatasi ile ikivuka kiwanja kila siku na nikanyamaza, kwa kuwa taarifa zilifika kwa wakati. Hilo ni kosa langu.

"Usende, mwanangu," alisema Silima. Aliondoa mkono juu ya kibodi, akageuza kiti. "Bwana Lu, taarifa zote ni zake yeye. Nilimtuma mie, na kila siku nikimwambia kesho n'taandika mwenyewe. Za kwangu mie ni hizo samahani tu."

Kificho aliondoka mlangoni.

Bwana Lu aliuliza kama ni zote. Silima akasema zote, hata ile aliyoisifu wiki iliyopita mbele ya watu. Bwana Lu akanigeukia, akaniuliza sheria inasemaje, nikamjibu kwamba inawatoa wote wawili. Akaniuliza nani mwengine kambini, mbali na Silima, anajua kilipo kila kitu katika stoo ile. Nikasema hakuna. Sipendi sheria inayopindwa, na nilimwambia hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akahukumu alivyotaka. Ruweida awe mtunza stoo, kwa mkataba wake mwenyewe. Silima awe msaidizi wake kwa miezi mitatu. Kila siku aandike taarifa yeye, na Ruweida aikague. Miezi ikimalizika naye hajaweza, akapumzishe mgongo nyumbani. Niliandika barua zao mbili za kazi, na nilipozisoma tena sikuweza kusema kwamba sheria yangu ilikuwa na haki zaidi.

"Anza na ya leo," alisema Bwana Lu.

Silima akaanza. Mashine ilimletea samahani, akaikataa. Ikamletea kesho, akaikataa. Akawa anakwenda nayo mpaka namba ya saba, ya nane, akitafuta saruji yake kama mtu anayetafuta kiatu mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Ilipoadhiniwa adhuhuri alikuwa na mistari mitatu. Alikwenda kusali akarudi, jambo ambalo naliandika kwa kuwa nililishuhudia. Kabla ya alasiri alikuwa na mistari tisa.

Ruweida aliisoma taarifa, akamrudishia: ameandika mbao kwa lita. Silima akarekebisha. Ruweida akamrudishia tena, tarehe si ya leo. Mara ya tatu alimrudishia kwa sababu ya misumari, ambayo hakuiandika kabisa. Kila mara alimwita ami, na kila mara hakuipokea.

Jioni Silima alinikuta langoni nikifunga daftari. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kutazama kioo kutwa nzima.

"Mtoto yule hana huruma hata chembe," aliniambia. "Misumari kilo mbili, yakhe, karudisha taarifa nzima."

Nikamwambia kwamba mtunza stoo ndivyo anavyotakiwa awe.

Alisimama akalifikiri hilo, na nikamuona anajinyoosha kidogo, pamoja na mgongo wake.

"Ni kweli," akasema. "Lakini nani aliyemuona mwanzo kuwa anafaa?"